Skafu ya Mgeni Rasmi

Watu wa kwetu hawali pilau bila mgeni rasmi. Nimekaa Toronto miaka mingi, nimehudhuria shughuli za kila aina, send-off, ubarikio, mahafali ya chekechea, na sijaona hata moja iliyothubutu kuanza kabla mtu fulani mwenye tai hajafika. Niliwahi kwenda kwenye sherehe ya mtoto kutimiza mwaka mmoja, huko huko kwangu Thorncliffe Park, tukakaa na njaa tukimsubiri wakili mmoja aje akate keki. Mtoto akalala. Wakili alipofika, mtoto akaamshwa ili asikilize hotuba kuhusu umuhimu wa kuwa na malengo.

Kwa hiyo mwenyekiti wa jumuiya yetu aliponipigia simu na kusema, "Dada, sherehe ya binti lazima iwe na mgeni rasmi wa hadhi yake," sikushangaa. Nilichoka tu.

Binti mwenyewe ni mtoto wa mdogo wangu, kwa hiyo ni mwanangu. Alikuwa amemaliza digrii ya hesabu katika chuo kimoja cha watu weusi kusini mwa Marekani, vile vyuo vilivyoanzishwa na watu waliotoka utumwani wakati vyuo vingine vilikuwa vimewafungia milango. Alikwenda kwa ufadhili. Mama yake hakuwahi kukanyaga pale. Hati zake za ukaazi hapa Kanada zilikuwa bado zinazungushwa maofisini, na wakili wake alimwonya kwamba akivuka mpaka anaweza asiruhusiwe kurudi. Basi akabaki hapa Toronto, nyumbani kwake Crescent Town, na kwenda zamu yake ya usiku kwenye nyumba ya wazee, kuwaogesha na kuwageuza vitandani, na mimi mwenye pasipoti nikaenda mahafali badala yake.

Nikiri kwamba mimi ni mtu wa dharau. Kazi yangu ni kupanga vitabu kwenye maktaba ya mtaa, na ni kazi inayokupa muda mwingi wa kuwachambua watu kimoyomoyo. Lakini chuo chenyewe sikidharau. Siku ile ya mahafali walituomba kwa kipaza sauti tusishangilie mpaka majina yote yasomwe. Hakuna aliyejali. Kila jina lilipotajwa, ukoo mzima ulisimama. Kina mama waliovaa kofia kubwa walipanda juu ya viti, wakaita watoto wao kwa majina ya nyumbani, wengine wakalia bila kujifuta. Jina la mwanangu liliposomwa nilipiga vigelegele, safu nzima ya mbele ikageuka kunitazama, na bibi mmoja aliyekaa karibu yangu akanishika mkono akaniomba nipige tena. Nikapiga tena. Nilijisikia niko nyumbani kuliko nilivyowahi kujisikia katika ukumbi wowote wa Toronto.

Baada ya hapo tulitoka nje kwenye majani, na huko ndiko nilikoona desturi yao. Kila mhitimu alikuwa na skafu ya hariri imening'inia shingoni juu ya joho, ya rangi za chuo. Sherehe ikiisha, anaivua na kumvisha mtu aliyemfikisha pale. Mtu mmoja tu. Nilimwona kijana mrefu akipiga magoti kumvisha bibi yake aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu. Nilimwona baba mmoja aliyekuja na sare yake ya udereva wa basi, akavishwa skafu, akasimama pale ameganda, asijue mikono yake aiweke wapi.

Mwanangu hakunivisha mimi. Aliivua skafu yake, akaikunja vizuri, akaitia kwenye mkoba.

"Hii ni ya mama," akaniambia. "You don't mind, mama mkubwa?"

Nilimwambia kwamba angenivisha mimi ningemchapa mbele ya kofia zote zile.

Kuna jambo moja pale chuoni ambalo lilinichefua, nalo ni ukuta wa wahitimu mashuhuri. Uko kwenye korido ya jengo kuu, na niliusoma wote kwa sababu foleni ya choo cha wanawake ilipita hapo hapo. Jaji wa kwanza wa mahali fulani. Daktari wa kwanza wa kitu fulani. Mhubiri mwenye meno mengi. Mwimbaji ambaye, kijana anayeongoza wageni aliniambia kwa sauti ya chini, hakumaliza hata mwaka wa pili, lakini alipotajirika chuo kilimkumbuka kwa mapenzi makubwa. Wote walipigwa picha wakitazama juu kidogo ya kichwa chako, kama watu wanaosubiri lifti. Nikawatafuta wale waliosoma pale wakarudi kufundisha watoto makwao mpaka magoti yakachakaa. Hakukuwa na hata mmoja. Sijui nani anakaa na kuamua nani ni mashuhuri. Nadhani ni mtu mmoja tu ofisini mwenye gundi.

Mwanangu alipita pale bila hata kugeuza shingo. Alisema baada ya wiki ya kwanza unaacha kuwaona.

Niliporudi Toronto, kumbe ule ukuta ulikuwa umenifuata. Mwenyekiti alikuja nyumbani kwangu kwa kikao cha sherehe, amevaa koti la suti katika joto lile, na simu mkononi. Ni mtu mwema, nisimseme sana, akisikia msiba ndiye wa kwanza kufika na sufuria. Lakini mpe kipaza sauti, utamkimbia. Alikuwa ameingia kwenye tovuti ya chuo, akafungua ukurasa wa wahitimu mashuhuri, akateremka, akawapita Wamarekani wote, na chini kabisa akakuta mzee wa kwetu. Mzee aliyesoma pale enzi hizo, akawa mkubwa katika shirika fulani la kimataifa, akastaafu, na sasa anaishi Thornhill.

"Thornhill hapa hapa," mwenyekiti akasema. "Dada, Mungu atupe nini tena?"

Nilimuuliza huyo mzee alikuwa anafanya kazi gani hasa.

"Masuala ya sera," akajibu.

Nikamwambia kwamba mgeni rasmi wa sherehe hii anajulikana, ni mama wa mtoto. Mdogo wangu alikuwepo, amekaa kwenye kapeti langu anamenya vitunguu saumu vya sherehe ambayo ilikuwa bado ni ya wiki ijayo. Mwenyekiti akanicheka kwa upole, jinsi mtu anavyomcheka mgonjwa.

"Mama mzazi ni mama mzazi, dada. Ana nafasi yake."

"Nafasi gani?"

"Ya mama mzazi."

"Dada, mwache mwenyekiti afanye kazi yake," mdogo wangu akasema bila kuinua macho. "Mtu mkubwa vile kuja kwenye sherehe yetu, si heshima hiyo?"

Hivyo ndivyo mdogo wangu alivyo tangu utotoni. Ukimpa paja la kuku, atakuuliza ni la nani.

Basi nikamvuta mwenyekiti hadi roshani, tukafunga mlango wa kioo, maana jambo la skafu lilikuwa siri. Mwanangu alikuwa amepanga kumshtukiza mama yake. Nikamweleza mwenyekiti desturi ya kule, kwamba mwishoni mhitimu anavua skafu yake na kumvisha mtu aliyemfikisha pale, na kwamba mtoto atasema maneno machache. Nikamwomba alipe jambo hilo nafasi kwenye ratiba. Sikumtaja mdogo wangu. Sikudhani kuna mtu duniani anayehitaji kutajiwa.

"Kumvisha skafu," akasema, akitikisa kichwa kwa furaha. "Hilo usiwe na wasiwasi nalo, dada. Mimi nimekuwa skauti."

Nilidhani anatania.

Hayo maneno machache yalikuwa yamemgharimu mwanangu. Yeye ni mtoto wa hapa. Mama yake anamwambia njoo ule, yeye anajibu "I'm coming." Anasikia kila kitu, hata matusi, lakini ulimi wake unakwenda Kiingereza wenyewe. Mdogo wangu naye Kiingereza chake ni cha kazini, turn left, lift your arm, good morning my dear. Kwa miaka yote hiyo wamependana kwa lugha mbili, kila mtu na ya kwake, na kuna mambo ambayo hayakuwahi kusemwa. Kwa hiyo mtoto aliamua atasema kwa Kiswahili, chote, bila kuchanganya. Alikuwa ananipigia simu jioni, anasoma, ninamrekebisha, anarudia. Siku moja alikasirika akasema ulimi wake ni wa mbao. Nikamwambia mbao huwa zinapigwa randa, soma tena.

Siku ya sherehe ikafika, Jumamosi, katika ukumbi wa chini wa jengo analokaa mdogo wangu. Mwenyekiti alikuwa amepamba meza kuu kwa vitambaa vyeupe na riboni. Mdogo wangu alikuwa ameshona kitenge kipya, na juu ya kitenge hicho amevaa aproni ya jikoni, kwa sababu alikataa katakata mtu mwingine asimamie pilau. Mwanangu alikuwa amevaa joho na kofia yenye kishada, skafu shingoni, kila kitu kama siku ile. Mdogo wangu alipomwona anaingia alisimama na mwiko mkononi akamtazama tu. Nilijua anaona kile alichonyimwa. Nilifurahi, na nilikuwa na hamu ya kuona atakavyofanya skafu itakapomfikia.

Tukaanza kusubiri. Pilau likasubiri, kuku wakasubiri, watoto wakaanza kulia, nikawapa krispi kwa siri nyuma ya pazia huku mwenyekiti ananikazia macho. Mgeni rasmi alifika jua likiwa limeshaanza kuegemea upande wa pili wa majengo. Alikuwa mzee mwenye afya, suti ya kijivu, na ule mwendo wa watu waliozoea kufunguliwa milango. Amekuja na mke wake, ambaye hakuna aliyemtarajia, na meza kuu ikapungukiwa kiti.

Mwenyekiti hakupata hata muda wa kuhangaika. Mdogo wangu, aliyekuwa ameitwa dakika hiyo hiyo kuja kukaa kwenye kiti chake chenye riboni, alikivuta nyuma kwa ajili ya yule mama.

"Karibu dada, kaa hapa. Mimi nina kazi jikoni."

Na akarudi jikoni. Nikamwangalia mwanangu, naye akaniangalia. Ningeanza kusema, nisingenyamaza.

"Itifaki imezingatiwa," mwenyekiti akatangaza, na hapo nikajua njaa ndiyo inaanza.

Kwanza ilisomwa risala. Mwenyekiti aliiandika mwenyewe akampa mwanangu aisome, na mimi nina hakika aliinakili kutoka risala ya shule yake ya zamani, kwa sababu ilianza, "Mheshimiwa mgeni rasmi, sisi wahitimu," wakati mhitimu ni mmoja. Mtoto akasoma kwa shida, neno kwa neno, jinsi mgeni huyo alivyo kioo cha jamii na taa ya vijana. Yale mazoezi yetu yote ya simu yalikwenda kumsifu mtu ambaye alikuwa hajawahi kumwona. Mwishoni risala ikataja changamoto zinazotukabili, ikiwemo uhaba wa mabweni. Nani ana shida ya mabweni Crescent Town? Lakini mgeni rasmi alitikisa kichwa kwa uzito, na aliposimama alisema changamoto amezisikia na atazifanyia kazi.

Kisha akahutubia. Kiswahili chake kilikuwa kimechakaa kwa kutotumiwa, akawa anakirukia na kukiacha.

"Mimi nilipofika pale campus, ndugu zangu, I had one suitcase. One. Lakini nilikuwa na ndoto."

Akatueleza ndoto. Akatueleza miji aliyofanyia kazi, mikutano aliyofungua, marais waliompa mkono. Akatueleza kwamba chuo hicho kimetoa majaji, kimetoa wanasayansi, kimetoa wasanii, akawataja mmoja mmoja kana kwamba amewalea yeye. "Na ukienda pale kwenye ule ukuta wa wahitimu mashuhuri," akasema, akagusa kifua chake kidogo, kwa unyenyekevu wa kujifunza, "utamkuta na mtoto wa kwetu."

Nikaacha kujipepea. Ule ukuta niliusoma wote. Picha yake haikuwapo. Alikuwa kwenye ukurasa wa mtandao, chini kabisa, lakini ukutani hakuwapo, na nilikuwa tayari kuapa. Nikatazama meza yetu, wote wanapiga makofi. Huyu mtu alizungumza mpaka kuku wakapoa na hakuuliza mtoto amesomea nini. Alimwita "binti yetu" mwanzo mpaka mwisho. Alikuja kuzindua umashuhuri wake, na sisi tulikuwa turubai.

Alipokaa, mwenyekiti akashika kipaza sauti na kutangaza kwamba sasa tumefika kwenye tukio adhimu la kuvisha skafu.

Mwanangu akasimama. Nilimwona anatoa simu yake kwenye mfuko wa joho, maana maneno yake alikuwa ameyaandika humo, na macho yake yanakwenda mlango wa jikoni, ambako mama yake alikuwa amesimama anajifuta mikono kwenye aproni. Akaivua skafu. Akapiga hatua kuelekea jikoni. Na mwenyekiti, akitabasamu, akamshika mabega akamgeuza.

"Mheshimiwa, tunakuomba usimame, binti yetu akuvishe skafu."

Kila aliyesoma shule ya msingi kwetu anajua jambo hilo. Mgeni rasmi akiingia shuleni, skauti wanapanga mstari, mmoja anamvisha skafu shingoni, ngoma inapigwa. Mwenyekiti alinisikia vizuri sana pale roshani. Nilimwambia skafu anavishwa mtu aliyemfikisha mtoto pale, na kichwani mwake hakuna shughuli ambamo mtu huyo anaweza kuwa mwingine zaidi ya mgeni rasmi.

Nilisimama. "Mwenyekiti, siyo yeye," nikasema, kwa sauti kubwa tu. Hakuna aliyenisikia, kwa sababu wakati huo huo vigelegele vilipasuka ukumbini, na vya kwanza, vile vilivyowaongoza wengine, vilitoka mlango wa jikoni. Mdogo wangu alikuwa ameinua mwiko juu, anafurahi kweli kweli, machozi yanamtoka, kwa kuwa mwanawe amepewa heshima ya kumvisha mkubwa.

Mtoto angefanya nini? Mama yake mwenyewe anamshangilia. Akamvisha. Mzee aliinamisha shingo kabla hata hajafikiwa. Simu ikarudi mfukoni, na mwanangu akaketi akitazama sahani yake, na hakula.

Mimi pia sikula. Nilikaa nikimwangalia yule mzee akila pilau la mdogo wangu na skafu shingoni, anaisogeza pembeni kwa vidole viwili isiingie mchuzi. Alipoaga, kwa sababu watu wakubwa huaga mapema, nikatoka nyuma yake mpaka sehemu ya kuegesha magari. Mke wake alikuwa ameshaingia upande wa usukani.

"Shikamoo mzee," nikasema, maana nimelelewa. "Hiyo skafu siyo yako."

Akatabasamu. "Nimepewa na binti, mama."

"Umepewa na mwenyekiti. Wewe umesoma pale. Unajua skafu ile anavishwa nani."

Nilitaka aseme hajui. Angesema wakati wao desturi hiyo haikuwepo, ningemwelewa, tungecheka, ningerudi nayo ndani.

"Of course najua," akasema. "Ni kwa yule aliyekutengenezea njia."

"Njia gani uliyomtengenezea? Mmeonana leo."

"Mama, sisi tuliotangulia ndio tunaowaonyesha kwamba inawezekana. Yule binti alipoona jina la mtu wa kwetu kwenye ule ukuta..."

"Ukuta nimeusoma. Hupo."

Akagusa tai yake. Kisha akasema, "Wanazibadilishabadilisha zile picha."

Sisemi ni mwizi. Mwizi angalau anajua kitu si chake. Nilinyoosha mkono nikauacha hapo hapo, na labda aliona sura yangu, kwa sababu aliivua taratibu, akaipitisha juu ya kola, akaniwekea mkononi. Ilikuwa bado na joto la shingo yake. Nilikuwa nimeshageuka kurudi ndani nilipomwona mdogo wangu anakuja mbio na aproni yake, amebeba pilau lililofungwa kwa foili na mfuko wa kachori.

"Mheshimiwa, umesahau cha njiani," anasema. Kisha akaona nimeshika nini.

"Dada. Unafanya nini?"

"Narudisha kitu cha wenyewe."

"Umemvua mgeni skafu?" Alikuwa amepauka. "Umetoka nje kumvua mgeni?"

Nilifungua mdomo kumweleza, na kwa mara ya kwanza siku ile maneno yakanigomea, kwa sababu ile siri ilikuwa ya mtoto, si yangu. Nilisita, na kusita huko kulitosha. Alinitia lile pilau mikononi, akachukua skafu, akaikung'uta, akamwendea yule mzee.

"Utusamehe sana, mheshimiwa. Dada yangu ana hasira za karibu." Na kwa mikono yake mwenyewe, ile inayogeuza wazee wa watu usiku kucha, akamvisha tena. Akazilinganisha ncha zake zikae sawa. Akarudi kwangu kuchukua pilau, akampa na hilo.

Mzee aliingia garini haraka kuliko alivyofanya jambo lolote siku ile.

Mwanangu alitoka mlangoni wakati mlango wa gari unafungwa, na aliona alichoona. Alikuja mpaka tulipo, joho limefunguka, kofia ameishika mkononi. Akatoa simu.

"Mama," akasema, kwa Kiswahili, na mdogo wangu akageuka upesi kwa kuisikia sauti ile katika lugha ile. "Skafu ile niliivaa kwa niaba yako."

Gari likaanza kurudi nyuma, na likawa linapiga ule mlio wake wa onyo, pii, pii, pii. Mtoto akaendelea kusoma. Ulimi haukuteleza. Alisema kwamba kila asubuhi mama yake alipotoka zamu alimpigia simu kumwamsha, na ndipo yeye mwenyewe alipokwenda kulala. Alisema kwamba hakuwahi kuchelewa darasani. Alisema kwamba alipoitwa jina lake alikuwa amevaa skafu ya mtu mwingine, na mtu huyo hakuwepo, na ameibeba mpaka hapa. Mimi niliyajua maneno yote, nilikuwa nimeyapiga randa mwenyewe, na bado niliyasikia kama mapya.

Gari lilisimama kwenye njia ya kutokea, likisubiri nafasi ya kuingia barabarani.

"Ilikuwa yangu?" mdogo wangu akaniuliza.

"Ilikuwa yako."

Nikawa nimeshaanza kutembea. Nilikuwa naenda kugonga kioo, naapa, na mara hii ningemvua na tai. Mdogo wangu akanidaka mkono.

"Mwache aende nayo," akasema.

Na akaenda nayo. Skafu hiyo ipo Thornhill mpaka leo. Kwenye ukurasa wa wahitimu mashuhuri wamebadilisha picha yake, na katika hii mpya amevaa skafu ya mwanangu, anatazama juu kidogo ya kichwa chako. Mwenyekiti aliituma kwenye kundi letu la WhatsApp na kuandika kwamba jumuiya yetu imeingia katika historia. Sijamjibu, na yule mzee sijamsamehe, wala sina mpango huo.

Lakini pale kwenye maegesho gari lilipokwisha kupotea, mdogo wangu alifungua kamba za aproni yake nyuma ya kiuno. Akaivua, akaikunja, akanipa niishike. Akanyoosha kitenge chake, akasimama wima mbele ya mtoto.

"Sasa anza tena mwanzo," akamwambia. "Gari lilikuwa linapiga kelele."